Picha Zilizokuwa kwa Tata Kabeya

Sisi tuliokulia Likasi, mji wa shaba, kabla ya telefone kuingia mifukoni tulikuwa na Jumapili moja katika mwaka iliyoishinda hata Noeli kwa utamu. Wasanii wa mtaa wetu waliiita porte ouverte, yaani mlango wazi. Mvua zikishakwisha, walipatana siku, na baada ya misa kila mmoja alifungua chumba chake cha kazi ili watu waje kuona. Watu walikuja kweli, kwa baiskeli na kwa miguu, hata wale wa ng'ambo ya reli. Mama alikaanga mikate midogo ya mafuta tangu asubuhi, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ikapoa ndani ya ndoo, na watoto tulikatazwa kucheza nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, tusije tukajichafua kwa vumbi jekundu kabla ya wageni kufika.

Baba yangu alikuwa mpiga shaba. Alilaza bamba la shaba juu ya lami, akaligonga taratibu kwa nyundo na vyuma vidogo mpaka akatokea mwanamke anayetwanga, au swala anayekimbia. Nyumba yetu yote ilinuka lami, hadi shuka. Mbele ya mlango wetu, upande wa pili wa njia, alikaa mchoraji Kabeya; tulimwita Tata, yaani baba. Wazee wake waliletwa kutoka Kasai, jimbo la mbali, kufanya kazi ya mgodi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Likasi, na Kasai aliijua kwa hadithi tu. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga. Ukigeuza picha, nyuma ulikuta bado kumeandikwa kilo hamsini.

Binti yake Ngalula alikuwa rika langu. Siku ya porte ouverte kazi yetu sisi wawili ilikuwa kuwaeleza wageni: tulianza kwetu kwenye shaba, tukavuka njia, tukamalizia kwao kwenye picha. Tuligombana nani ataeleza picha ya treni, maana ndiyo iliyochekesha watu: abiria alikuwa anavuta mbuzi apite dirishani. Tata Kabeya alitufundisha: "Mugeni akinyamaza, mumuulize anaona nini. Picha haipende kimya."

Mwaka nilipofikisha miaka kumi, maneno mabaya yaliingia mjini. Watu wa asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Sikuelewa, maana kwao Ngalula kulikuwa pale, hatua ishirini kutoka kwetu. Majirani tuliosali nao wakaacha kuwasalimu akina Ngalula. Siku moja Tata Kabeya alimpa baba ufunguo, akabeba picha zake zimekunjwa kama mikeka, yeye na familia yake wakaenda kituo cha treni. Kulikuwa na familia nyingi zimeketi chini na magodoro yao, zikingoja treni isiyokuja. Kila adhuhuri mama alinituma na bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Mimi na Ngalula tulikaa tu, mabega yamegusana. Kisha siku moja nilifika nikakuta pale walipokaa pana majivu ya moto wa kupikia na karatasi tu; treni ilikuwa imekuja usiku. Nilirudi nyumbani na sufuria imejaa. Mama aliipokea, akaifunika.

Porte ouverte iliyofuata nilijua tutafungua mlango wetu tu. Lakini baada ya misa nilimwona baba anavuka njia, ufagio mkononi. Alifungua kwa Tata Kabeya, akafagia, akasukuma madirisha. Jirani mmoja, fundi baiskeli, akasimama njiani.

"Unafungulia nani? Benye nyumba balisha kwenda kwabo."

Baba hakuacha kufagia. "Leo ni porte ouverte. Na hapa ni kwa Kabeya."

"Utajiletea matatizo."

"Basi ingia uone, ama unipishe."

Yule mtu alitema mate chini, akaenda. Hakumsalimu baba tena mpaka baba anazikwa. Baba akaegemeza ufagio ukutani. Akaniita.

"Wageni banakuya. Ni weye njo unajua picha. Ubaonyeshe."

"Nibaonyeshe nini, baba? Haiko kitu."

"Ile yenye ilikuwa."

Kuta zilikuwa na madoa meupe ya mraba, pale picha zilipozuia moshi na jua. Wageni waliingia, wakanyamaza, wakatazama madoa. Nikaenda kwenye doa kubwa, nikasema, hapa kuna treni, na huyu mtu anavuta mbuzi apite dirishani. Hakuna aliyecheka. Nikasogea kwenye doa la pili. Ndipo mama mmoja muuza samaki akanikatiza, machozi yanamtoka: "Hapana, mutoto. Treni ilikuwa huku. Pale ilikuwa mwanamuke na mutungi." Mzee mwingine akasema mtungi ulikuwa wa buluu. Wakaanza kusahihishana, mpaka chumba kikajaa sauti. Mimi nilikuwa nageuka kila mara kumtafuta Ngalula anisaidie.

Sikumwona tena. Nimemtafuta hata kwa hizi telefone. Akina Ngalula Kabeya ni wengi; niliowaandikia, hakuna aliyekuwa yeye. Palipokuwa kwao sasa pana ukuta mrefu na lango la chuma, anakaa mfanyabiashara wa madini. Baba na mama wamekufa. Mimi ndiye ninayepiga shaba.

Mwaka huu vijana wameirudisha porte ouverte. Wametangaza kwa WhatsApp, na sikatai, walikuja wengi. Wanaingia, wanaipa shaba mgongo, wanajipiga picha, kisha wanaitazama humo ndani ya telefone. Msichana mmoja, mpole kabisa, aliniambia: "Maman, sogea kidogo, uko mu photo." Nikasogea. Nilipomuuliza anaona nini, alisema, "C'est joli," yaani inapendeza, akashukuru, akatoka mbio kuwafuata wenzake.

Enzi zile, siku ya wageni ilipoisha tulikuwa tumepoteza sauti kwa kusema. Mwaka huu nilifunga mlango saa kumi na moja, jua bado liko juu ya kilima, na maneno yangu yote bado yako mdomoni.