Historia Niliyoiandika Kabla Haijatokea

Mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi, hapa Bukoba mjini, kuna ubao mweusi unaosomwa kuliko gazeti. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu naona kwa macho. Watu wanaokwenda sokoni wanapinda njia wapite kwangu. Wanasoma, wanacheka au wanatikisa kichwa, ndipo wanaendelea na safari. Juu kabisa naandika "Siku kama ya leo". Chini yake inakuja historia ya nchi, halafu jambo ambalo hukulijua, halafu kituko cha karibuni, na mwisho kabisa historia yangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nne. Mistari yangu inapanda juu kama njia ya kwenda Kamachumu, lakini wenye digrii wanaisoma wakiwa wamesimama juani.

Wako walioniuliza, wewe una historia gani ya kukaa chini ya uhuru wa nchi? Nikawajibu kwamba nchi ilianza na watu wengi wakiisukuma. Mimi nilianza na mkokoteni wa kuazima, nikausukuma peke yangu. Leo nina duka, nina pikapu mbili, nina nyumba yenye sakafu ya vigae Ijuganyondo, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kama hiyo si historia, basi sijui historia ni nini.

Lakini ubao wangu una adabu zake, msinione mtu wa mzaha tu. Ishirini na moja Mei, siku meli yetu ilipozama ziwani na watu wetu, siweki kituko wala habari zangu. Naandika tarehe na mwaka, basi, na siku hiyo hata wauza mkaa wanapita mbele ya duka kimya. Kumi Septemba naandika tetemeko la 2016, na chini yake naongeza mstari mmoja: "Duka hili halikupandisha bei ya saruji." Ni kweli tupu. Waliopandisha wanapita hapo hapo, nao wanajua kusoma.

Sasa niwaeleze ya tarehe tisa Desemba mwaka huu. Ilikuwa sikukuu, lakini nilifika dukani asubuhi na mapema, nikakung'uta vumbi la chaki ya jana, nikaandika hivi:

"Siku kama ya leo, 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, ikawa Jamhuri.

Je, wajua? Mgomba si mti. Hilo unaloliita shina ni majani yaliyokumbatiana.

Kituko: Huko Kaagya ng'ombe ameingia kanisani wakati wa sadaka. Amezunguka, ametoka bila kutoa.

Siku kama ya leo, mwenye duka hili aliacha kusukuma mkokoteni wa watu, akanunua wa kwake.

Leo: Mama mzazi wa mwenye duka anahamia Ijuganyondo."

Jirani yangu wa kulia ni fundi cherehani, Hajji mtu mzima. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye Kihaya anakijua kuliko sisi wenyewe. Alikuja na kikombe chake cha chai, akasoma mpaka chini, akacheka ya ng'ombe, kisha akarudi kwenye mstari wa mwisho.

"Tajiri," akasema. Ananiita hivyo tangu siku ya mkokoteni, wakati ule kwa kejeli. "Huu wa chini nao ni historia?"

"Ni historia."

"Mama amekubali kuhama?"

"Atakubali."

"Basi huo ni utabiri, ndugu yangu. Futa kabla mji haujaamka."

"Nikishaandika huwa sifuti, Hajji."

"Na mara ile ulipotutangazia kwa mdomo? Tukaja na zawadi zetu, mama akakaa muda wa kunywa kikombe kimoja, akapanda basi. Leo umetangaza kwa chaki."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Nyumba ile ya Ijuganyondo niliijenga kwa ajili ya mama, aje akae nasi. Bati la rangi, maji ndani, choo cha kukaa kwa sababu ya magoti yake. Nje nikafanya kosa ambalo ni Mhaya tu aliyelewa pesa anaweza kulifanya. Uwanja mzima, mbele na nyuma, niliuziba kwa pevingi, yale matofali ya saruji ya kutandika chini. Duka ni langu, pevingi ni zangu, nikazimwaga mpaka ukutani. Nilitaka asikanyage tope tena maishani.

Mama alipoletwa mara ile ya kwanza aliikagua nyumba, akasifu, akaenda mlango wa nyuma. Akasimama pale na beseni la maganda ya ndizi mkononi, anatazama ule uwanja unaong'aa.

"Haya nimwage wapi?"

"Gari la taka linapita, mama."

Akanigeukia. "Unalipa gari lije libebe chakula cha migomba?"

"Migomba haipo, mama."

"Ndiyo ninayokuambia. Haipo. Hii si nyumba, mwanangu, hii ni stoo nzuri sana." Akaweka beseni chini, akaomba arudishwe Muleba. Hajji na majirani wote wakiwa sebuleni na zawadi zao.

Mtu mwingine angenuna. Mimi nilikuwa naenda kununa, lakini masika yaliyofuata mama aliteleza kwenye njia ya kisimani kule kijijini. Mdogo wangu, anayelinda kibanja, shamba la migomba la marehemu baba, alikuwa mnadani. Mama akalala kwenye majani mabichi hadi jioni, na ndoo pembeni yake, mpaka mdogo wangu aliporudi na kumkuta. Mfupa haukuvunjika. Alipopona alikwenda kisimani tena, njia ile ile. Nikajua safari nyingine tutamkuta tumechelewa.

Wiki ile ile niling'oa pevingi. Watu wa mtaani walidhani nimefilisika nauza mpaka uwanja. Nikaleta samadi ya ng'ombe kutoka Kanazi kwa pikapu, safari juu ya safari, nyumba ikanuka zizi mpaka mke wangu akahamishia mapazia ndani ya kabati. Bwana mmoja wa shamba akanishauri nipande miche ya kisasa, yenye mikungu mikubwa. Nikakataa. Mama yangu anasema ndizi zile ukizipika unakula ukubwa tu. Nilikwenda Muleba siku mama yuko kanisani, nikang'oa machipukizi ya nshakala nyuma ya zizi la baba, ndizi ile ile iliyonikuza. Ugonjwa wa mnyauko haujafika kwenye kibanja chetu, lakini hata hivyo panga tulilipitisha motoni kila tulipohama shina. Mkono huu unaoandika ubaoni ndio uliochimba mashimo.

Sasa mwaka wa pili mkungu wa kwanza ulikuwa umekomaa, na mama alikuwa amekubali kitu kimoja tu, kuja kuuonja. Nyumba isiyo na ndizi zake mwenyewe hawezi kulala ndani yake. Yenye ndizi mbaya, hawezi vilevile. Hayo ndiyo masharti yake, na mimi nilikuwa nimeshayajaza ubaoni kama yametimia.

Nikaenda kumchukua. Akatoka ndani amevaa gauni lake la sikukuu, ameshika kikapu kidogo cha senene kilichofunikwa kwa jani. Nikatazama nyuma yake. Hakuna begi, hakuna furushi.

"Na nguo, mama?"

"Nimezivaa."

"Za kubadilisha."

"Naenda kula. Kwani nitajimwagia?"

Njiani tukazungumza habari za senene, mwaka huu wameshuka wengi, na habari za ng'ombe wa Kaagya, ambaye mama alimtetea akasema pengine hakuambiwa mapema kwamba kuna sadaka. Kanazi tulipoipita nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo simu ikalia, na kwa kuwa naendesha nikaiweka sauti ya nje. Alikuwa mteja wangu mmoja, fundi wa mabati, mwenye koo la kuitia mkutano.

"Hongera tajiri! Tumesoma ubaoni, mama anahamia leo! Tunakuja kumpokea!"

Nikakata. Mama akahamishia kikapu cha senene magotini.

"Nani anahamia?"

"Mama, ni watu tu."

"Watu wamesoma wapi?"

Nikamwambia. Mama yangu hajawahi kupaza sauti kwangu, hana haja. "Kwa hiyo nimeandikwa dukani," akasema, "kama bei ya misumari."

Nikakanyaga mafuta mpaka Ijuganyondo.

Mke wangu alikuwa ameshatandika majani ya mgomba sebuleni, juu ya vigae. Akapiga magoti, akamsalimu, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kama inavyotakiwa. Mama akachukua punje mbili, akashukuru, "Wakola, waitu," akasimama na kwenda moja kwa moja mlango wa nyuma. Mimi nyuma yake. Migomba ilikuwa imefunga uwanja wote, kijani mpaka ukutani, na chini maganda ya ndizi tulizomenya asubuhi. Alitembea katikati yake polepole. Akashika jani, akalitazama mgongoni. Akapiga shina kwa kiganja.

"Hii ni nshakala yangu."

"Ndiyo, mama."

"Ya nyuma ya zizi. Nilisema ni nguruwe pori aliyechimbua. Kumbe ni wewe, mwizi."

"Nimeiba kwetu."

"Panga ulilipitisha motoni?"

"Kila shina."

Akakung'uta viganja. Tukarudi ndani. Hajji alikuwa amefika, na yule fundi wa mabati, wote wameshanawa, wamekaa kwenye mkeka wanajifanya wamekuja kula tu. Mke wangu akamimina ndizi na maharage juu ya jani, mvuke ukapanda, na senene wa mama waliokaangwa wakawekwa pembeni. Hakuna aliyegusa. Mkubwa ndiye anayeanza, na siku ile mkubwa alikuwa jaji.

Mama akamega kipande kidogo, akakitia mdomoni, akafumba macho. Nimewahi kusubiri benki inijibu, nimewahi kusubiri mke wangu ajifungue. Sijawahi kuona mtu akitafuna taratibu namna ile.

"Udongo bado," akasema. "Samadi haijakolea."

Fundi wa mabati akatazama miguu yake. Hajji akanitazama mimi, na katika macho yake nikauona ubao mzima. Nikasema moyoni basi, nimeandikwa na mji, kesho nitaisoma mimi historia yangu kwenye vinywa vya watu.

Mama akamega kipande cha pili. Kikubwa. Akaongeza maharage. Akamega cha tatu.

"Lakini ni ya kwangu," akasema na mdomo umejaa. "Kuleni basi, mnangoja kengele?"

Tukala. Niaminini, wale watu walikula kama wamefunguliwa. Lakini mimi nilikula huku namtazama mama, maana sifa ya ndizi si jibu. Jua lilikuwa linaanza kupita upande wa ziwa, na basi la mwisho la Muleba sisi tunalijua. Nilipotoka kuwasindikiza wageni hadi getini na kurudi, nafasi yake ilikuwa tupu. Nikajisemea anatafuta viatu vyake. Nikachukua ufunguo wa pikapu, kwa sababu mwanaume haachi mama yake akapande basi akiwa na gari mbili.

Sauti ikatoka nyuma ya nyumba.

"Huyu mtu hana akili hata ya kuku!"

Nikakimbia. Mama alikuwa amejifunga kanga ya mke wangu kiunoni, amepinda mgongo, anachana majani makavu na kuyalaza chini. Magoti aliyokuwa anayalalamikia miaka yote sikuyaona.

"Njoo hapa. Shina hili lina watoto wangapi?"

"Wengi, mama."

"Ndiyo fahari yako, wengi! Unataka kila mmoja anyonye? Mama, mtoto, mjukuu, basi. Wengine toa. Ndiyo maana ndizi yako haina mafuta. Na maharage yako wapi hapa chini? Na magimbi? Ardhi imekaa uchi kama mtu asiye na ndugu!"

"Nitapanda, mama."

"Utapanda lini, mvua ikishaisha? Kesho asubuhi tunaanza upande huu."

Nikashika ufunguo kwa nguvu ndani ya mfuko. "Kesho, mama?"

"Kwani kesho hapatakucha?"

Mke wangu mlangoni akaziba mdomo kwa kiganja. Hajji, ambaye alikuwa amerudi kuchukua kofia yake, akasimama pale pale kwenye kona ya nyumba. "Tajiri," akasema, "wewe Mungu anakupenda kupita kiasi."

"Hajji, mwache Mungu, migomba nimepanda mimi!"

"Umepanda vibaya," mama akasema. "Mpigie mdogo wako alete nguo zangu. Na jembe langu, lile la mpini mfupi. Akileta jingine nitamrudisha nalo. Na wewe vua hivyo viatu vya benki, anza na shina la pale ukutani."

Nikavua. Nikakunja suruali ya sikukuu, nikaingia kwenye samadi niliyoinunua mwenyewe, panga mkononi, mama akinifokea kwa Kihaya kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. Jirani wa ng'ambo ya ukuta alipochungulia kuona tajiri anagombezwa na nani, nilimpungia mkono kama mgeni rasmi anayekagua gwaride.