Breki Iliyopakwa Mafuta

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwanangu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na lami ya kwetu Gakindu iking'aa kama ndama aliyetoka kulambwa na mamake. Nilikuwa nasukuma pedeli za baiskeli nyeusi aliyoniachia baba, ile nzito ya chuma, gunia la kahawa likiwa nyuma, napanda mlima kwenda kiwandani. Wakati huo nilikuwa na nguvu. Nikisema nguvu usifikiri najisifu. Mtu husifu kitu anachokitamani, na mimi miguu yangu ya wakati ule naitamani mpaka leo.

Nyuma yangu nikasikia watu wakihema. Walikuwa wale waendesha baiskeli wa Nyeri mjini, wa nguo za kubana, ambao kila Jumamosi huteremka mpaka Sagana na kurudi. Walinifikia, lakini kunipita hawakuweza. Mmoja akapaza sauti:

"Mama, hiyo gunia iko na injini?"

"Iko na kahawa," nikamjibu. "Na wewe mbona unalia na hujabeba kitu?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashuka chini. Tulipofika juu, mkubwa wao, mzee wa ndevu nyeupe aliyewahi kuendesha malori, akasimama kando yangu. Jina lake Mzee Waweru. Akaniambia, "Dadangu, ukipata baiskeli ya barabara, hawa vijana watakula vumbi yako. Tafuta moja, twende na wewe Sagana."

Mwanangu, tangu mume wangu afariki, hakuna mtu aliyekuwa amenialika mahali isipokuwa mazishini na kwenye mkutano wa kahawa. Nililala na neno hilo kama mtu aliyelala na mtoto mchanga, nikiogopa kulilalia.

Yule mzee hakunialika tu, alinielekeza pia. Alisema milima yetu na mvua yetu inataka breki za diski, yaani lile duara la chuma lililo katikati ya gurudumu, linalobanwa na vipande viwili vidogo vinavyoitwa pedi. "Hizi zangu za zamani zinabana rimu," akasema. "Zikilowa na hii tope nyekundu, unabana kwanza, halafu unaomba Mungu." Mwisho akanionya, "Usilipe kabla sijaiona. Nipigie simu, nitakuja."

Sikumpigia. Na hapa ndipo nitakapotaja majina. Watu wa kanisa huniambia mambo ya zamani yafunikwe. Mimi sifuniki. Chungu kikifunikwa bila kuoshwa kinanuka, na anayekula humo ni mgeni asiyejua.

Wa kwanza ni Gathogo, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu. Kazi yake ilikuwa udalali wa ng'ombe, na tangu ndugu yake azikwe alijifanya bwana wa boma letu. Aliposikia nataka kununua baiskeli, akaja na kofia yake.

"Shemeji, mwanamke haendi Kenol peke yake kununua kitu iko na magurudumu. Watakuuzia mkebe. Twende mimi na wewe."

Nikafikiri: huyu ni wa nyumbani, yule mzee ni mtu wa barabarani tu. Damu ni nzito kuliko maji, nikajiambia. Ni kweli ni nzito. Hata jiwe ni zito, na ukifungiwa shingoni unazama nalo.

Wa pili ni Ndirangu, aliyekuwa akiuza baiskeli za mitumba kwenye banda la mabati huko Kenol. Alituonyesha moja ya buluu, ndefu, nyembamba, nzuri mpaka nikaona haya kuiangalia. Gathogo akaizunguka kama anavyozunguka ng'ombe sokoni. Akaipiga kofi kwenye kiti. Akainua gurudumu la nyuma kama mtu anayeinua mkia. "Mwili uko," akasema.

Mamangu hakwenda shule kabisa, lakini hakuwahi kununua mnyama bila kuuliza kwa nini ametoka kwao. Kwa hiyo nikauliza: mwenye hii baiskeli aliiuzia nini? Ndirangu akamgeukia Gathogo. "Mwambie mwenyewe alienda Amerika." Mwambie! Na mimi nimesimama pale pale, mwenye pesa mfukoni, kama mzigo uliosahauliwa na abiria.

Gathogo akalizungusha gurudumu, akabana breki. Ikalia. Sauti kali ya kukwaruza meno.

"Na hii kulia?" nikauliza.

"Ah, hiyo ni kiu tu," akasema Ndirangu. Akachukua chupa ya mafuta, akadondosha kwenye lile duara la chuma, akalizungusha. Kimya. "Si unaona? Imenyonya, imelala."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa sababu sikujua. Nyumbani kwetu kitu kikilia kinapakwa mafuta, iwe bawaba ya mlango, iwe mkokoteni, iwe cherehani. Nani angeniambia kuna kitu kimoja duniani ambacho kazi yake ni kukwaruza?

Nikasema nataka kuijaribu. Ndirangu akaniangalia kutoka chini mpaka juu. "Na hiyo sketi, mathe?" Basi Gathogo ndiye aliyeijaribu, hapo uwanjani, penye ardhi tambarare kama meza. Akaenda polepole, akarudi, akasimama kwa kuburuta viatu. "Breki ni moto!" akatangaza.

Nilipokaa juu yake, vidole vya miguu viligusa ardhi kwa shida, na mikono ilibidi niinyooshe kabisa kufikia breki. Nikasema ni kubwa. Gathogo akasema mwili mkubwa ndio mali. Unajua tulivyo hapa kwetu, mtoto hununuliwa viatu vya mwaka ujao, ati atakua ndani yake. Lakini mimi nilikuwa mama wa watoto, mwanangu. Ningekua niende wapi?

Nilirudi nayo Gakindu. Wiki ile nzima sikuwa mtu mzima, nilikuwa msichana. Niliipangusa kwa khanga yangu ya kanisani. Niliiendesha hapo juu kwenye barabara ya tambarare, asubuhi kabla watu hawajatoka. Niliona breki ni laini. Gathogo akasema, "Hamjazoeana." Nikakubali.

Halafu mvua ikanyesha na ile sauti ikarudi. Siku ya soko nikapita nayo mbele ya bucha ya Kariuki, huyo ndiye wa tatu, naye akatoka nje na kisu mkononi akapiga kelele:

"Mama Wangeci! Umenunua baiskeli ama nguruwe? Ikichoka kulia uniletee, kisu kiko tayari!"

Soko lote likacheka, wanawake wa viazi, watu wa boda, wote. Nikaona aibu. Nikashuka nikaisukuma mpaka nyumbani, na Gathogo alipoiona akaleta mafuta ya cherehani, akayamimina mbele na nyuma bila choyo. "Sasa shemeji, hakuna mtu atakucheka."

Na kweli, kuanzia hapo hakuna aliyecheka.

Jumamosi ikafika. Sitaki kukupitisha haraka hapa, kwa sababu sehemu hii ndiyo yangu. Mlima Kenya ulikuwa umetoka kwenye mawingu, mweupe kichwani, na kahawa ilikuwa imechanua baada ya mvua, mashamba yote yakinukia. Waendesha baiskeli wakaja, nami nikaingia katikati yao. Baiskeli ilikuwa nyepesi! Nilikuwa nimezoea chuma cha baba. Hii ukigusa pedeli inakwenda, kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo. Nilipanda kilima cha kwanza nikiwa mbele, nikasikia nyuma yangu kijana akisema, "Ati huyu ni mama ya nani?" Mpaka leo, nikishindwa kulala, najirudishia sauti ile.

Mzee Waweru alinifikia akitabasamu. "Umekuja, dadangu! Hii uliona wapi?"

"Kenol."

"Bila mimi?" Akaitupia jicho, lakini tulikuwa tumeshika mwendo. "Haya, tukifika Sagana nitaiangalia vizuri."

Hatukufika. Mteremko wa kwanza ulikuwa mfupi, nikaumaliza kwa kuburuta kiatu. Mteremko wa pili ni ule unaoshuka mpaka mtoni, wenye kona kabla ya daraja. Nilibana breki. Ilikuwa kama kubana sabuni ndani ya maji. Nikabana tena kwa nguvu zangu zote, na kwa sababu baiskeli ilikuwa kubwa, mikono ilikuwa imenyooka, haina pa kupata nguvu. Kimya. Haikulia hata kidogo. Kwenye kona nikaona lori la mawe likipanda. Nikachagua ukingo wenye majani ya ng'ombe, na ndani ya majani kulikuwa na jiwe.

Nyonga ilivunjika. Ilifungwa vyuma, lakini haikurudi ilivyokuwa.

Mzee Waweru ndiye aliyenitoa kwenye majani yale, na ndiye aliyeifikisha baiskeli nyumbani kwangu. Alipokuja hospitalini hakuleta matunda. Alikaa kando ya kitanda, akaninusisha kidole alichokuwa amekipitisha kwenye diski.

"Haya ni mafuta ya nini?"

"Cherehani."

"Nani aliyapaka kwenye breki?"

Nikamwambia. Akapangusa kidole kwenye suruali. "Mafuta ni ya mnyororo, dadangu. Breki ikipakwa mafuta imeuawa. Hiyo kelele uliyoonea aibu, hiyo ndiyo ilikuwa inakuambia kuna kasoro iangaliwe. Si nilikuambia unipigie simu?"

"Ulikuwa mgeni kwangu," nikasema.

Alivua kofia yake, akaiweka kwenye goti. "Mgeni ndiye aliyekuokota."

Sijawahi kuchapwa namna ile. Baba alinichapa kwa fimbo, mwalimu kwa mpira wa maji, lakini neno lile bado nalisikia nikifunga mlango jioni.

Niliporudi nyumbani na magongo, baiskeli haikuwepo. Gathogo alikuwa ameiuza nikiwa bado kitandani. Nilimuuliza alimwambia nini mnunuzi. Akasema, "Nilimwambia mwenyewe alihamia Nairobi." Akaiuza na mafuta yake. Na kwenye soko alikuwa akieleza watu kwamba nilianguka kwa kukimbia kama mwanaume. Hajawahi kusema pole. Kariuki angalau alisema, huku akipima nyama. Sinunui kwake hata hivyo. Ndirangu nasikia amehama banda, sasa ana duka lenye kioo.

Utashangaa nikikuambia kwamba niliitaka ile baiskeli hata baada ya hayo. Nilitaka tu kuigusa. Mtu anaweza kutamani kitu kilichomuumiza, mwanangu, hasa kama ni kitu pekee kilichowahi kumbeba. Siku hizi nikisikia magurudumu yale membamba yakipita Jumamosi, nasimama ndani, kwenye dirisha la jikoni. Sitoki nje. Nikitoka watanipungia mkono, na mkono wa mtu anayekwenda zake ni mzito kuupokea.

Sasa wewe, najua umeshika simu unaangalia picha za baiskeli. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona muuzaji anaisifu kuliko anavyokuacha uiguse, rudi nyumbani. Jaribu wewe mwenyewe, kwa miguu yako, na ukiwa na sketi basi vaa suruali ndani. Usijaribie kwenye tambarare ya Kenol kama utaiendesha kwenye milima yetu ya Mukurweini. Tafuta mteremko mdogo ulio karibu, ushuke polepole, ubane, uone kama inasimama. Simama baiskeli ikiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili zilale chini. Kama hazilali, hiyo ni ya mtu mwingine, hata iwe nzuri namna gani.

Breki za diski ni nzuri, usinielewe vibaya. Kama ningekuwa na nyonga ningenunua hizo hizo. Kuna za kuvutwa na waya, na kuna za kusukumwa na mafuta yaliyofungiwa ndani ya mpira wake. Hayo ya ndani yabaki ndani, na fundi wa karibu awe anazijua kabla hujazichagua. Chungulia pedi: zikiwa zimeisha kama sabuni ya mwisho wa mwezi, dai mpya. Ikilowa italia kidogo, iache, ikikauka itanyamaza. Ikiendelea kulia, mpelekee anayejua. Ikishaguswa na mafuta, diski isafishwe kwa spiriti na pedi zitupwe, usizihurumie. Na uulize kila mara kwa nini kitu kimetoka kwao.

Lakini haya yote fundi angekuambia. Langu mimi ni hili: usimpe mtu kazi ya kuchunga uhai wako kwa sababu tu mnakula chungu kimoja. Mpe anayejua, hata kama jina la babake hulijui. Na watu wakikucheka sokoni, wacha wacheke. Kicheko cha soko huisha jioni wakifunga vibanda.

Wazee wetu walibariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo kifuani. Ungekuwa karibu ningekutemea, ukakunja uso, ukajipangusa, na baraka ingekuwa tayari imeingia. Kwa vile uko mbali, pokea kwa maneno: upande bila kuchoka, ushuke ukiwa na mikono yenye nguvu, barabara ikupe nafasi, lori likuone mapema. Mungu wa mlima akufikishe Sagana, mwanangu, na akurudishe na miguu yako yote miwili. Thaai, amani iwe nawe.