Waya Uliobaki Kwenye Boksi

Baba yangu mdogo alikuwa mkaguzi wa shule. Alisomesha watoto wa ndugu zake, mimi nikiwa mmojawapo, na sijapata kusikia kwamba alimdhulumu mtu. Leo ukimtaja katika ukoo wetu watu wanakumbuka jambo moja tu: kwamba alipokuwa anakula, mkono wa kulia ulifanya kazi na wa kushoto ulilinda sahani. Aliyetuachia kumbukumbu hiyo ni mtani wake, Mzaramo, aliyesafiri mpaka Tabora kwenye msiba, akajilaza mbele ya jeneza likiwa linatoka na kugoma kuinuka mpaka apewe chochote. Alipopewa, alikaa kitako palepale akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akila. Tulicheka huku tunalia. Wasifu wa marehemu, kurasa mbili nilizoziandika mimi kwa uangalifu mkubwa, haukumbukwi na mtu.

Nimeanza na msiba kwa sababu hofu ya msiba ndiyo iliyoniendesha katika mambo nitakayoyaeleza, ingawa mambo yenyewe yanahusu deki ya kuchezea filamu.

Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, na jirani yangu hapa Kunduchi ni Mzaramo. Ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mjane, anayeishi peke yake upande wa pili wa ukuta. Ananizidi umri, kwa hiyo kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, na baada ya hapo kila mmoja yuko huru kumtukana mwenzake.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda semina nje ya nchi, nikarudi na deki ya blu-ray na diski zake saba. Hizo ni diski zinazoonyesha picha safi kuliko DVD tulizozoea. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa muda mrefu, na msomi akishasoma jambo kwa muda mrefu huona aibu kutolinunua. Niliiunganisha na runinga mwenyewe. Mke wangu alitaja fundi, nami nikamweleza kwamba mtu mwenye shahada mbili haiti fundi kuchomeka waya.

Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyetoka sebuleni kwangu bila somo. Nilikuwa na filamu moja ya majambazi niliyoipenda kwa kufundishia. Uso wa jambazi mkuu ukijaa kwenye kioo, nilisimamisha picha, nikainama na kunyoosha kidole. "Ona vinyweleo," nilisema. Wote waliviona. Shemeji yangu mmoja, mhasibu, alisema yeye anaona mpaka jasho linavyochungulia.

Mtani wangu, yule jirani, alikuja siku moja kurudisha ungo. Alisimama mlangoni, akatazama.

"Mie sioni kitu," alisema. "Hiyo picha kama ya kwangu tu."

"Tatizo macho, mtani. Macho ya Kizaramo yamezoea kutazama nazi juu ya mti."

"Na ya Kinyamwezi yamezoea kutazama chini, mlivyokuwa mnabeba mizigo ya watu kutoka bara."

Jambo hili lilinikera kuliko nilivyoonyesha. Nikaandika makala nikijiuliza kwa nini watu wa Dar es Salaam wanachelewa kuzipokea diski hizi, nikataja sababu tatu: uwezo, elimu, na kukosa mazoea ya kutazama kwa makini. Nilimsomea mtani juu ya ukuta, akiwa anaanika khanga zake.

"Hiyo diski yako ina picha ngapi ndani?" aliuliza.

"Moja."

"Moja? Mie yangu ina ishirini. Umepunjwa. Na nani anatafsiri?"

Alimaanisha wale watu wanaoingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Mtu mmoja huongea kwa niaba ya wote, wanaume kwa wanawake, na katikati hutania, huonya, na kueleza lililokupita.

"Hakuna anayetafsiri. Unasikia sauti zao wenyewe."

"Wanaongea na nani sasa?"

Nilimwambia kwamba hilo ndilo nililoliita kukosa mazoea. Hapo akaacha kuanika.

"Sikiliza, mtani. Jumamosi baada ya alasiri nakuja na ya kwangu. Tuweke yako, tuweke yangu, niangalie vizuri. Nikiona tofauti, nitasema mbele za watu kwamba umenishinda. Nisipoiona, hili naliweka."

"Unaliweka wapi?"

"Siku yako. Nitasimama pale mbele niwaambie waombolezaji, marehemu alikuwa anaona vinyweleo." Akainama, akanyoosha kidole kuelekea shuka lililokuwa kwenye kamba, akakunja uso kama anayesoma maandishi madogo. Alikuwa ni mimi kabisa. Nikaiona sahani ya baba mdogo.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikuwa anatafuta boksi la kuwekea glasi. Kama nyumba nyingi ninazozijua, yetu hutunza maboksi ya vitu vya umeme juu ya kabati, eti siku moja tutahama. Alishusha la deki, akapekua ndani, akaja sebuleni na mfuko wa nailoni.

"Baba watoto, huu waya ni wa nini?"

Ulikuwa mweusi, mnene, bado umekunjwa na kufungwa kama ulivyotoka kiwandani. Nilikwenda nyuma ya runinga. Pale palikuwa na waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, ule wa deki yetu ya kwanza ya siku za uchumba, ambao niliuchomeka kwa sababu niliufahamu. Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa nne, kilisema wazi kwamba waya wa aina hiyo haupitishi picha safi. Unapitisha picha ya kawaida tu. Yaani kwa miaka miwili sebule yangu ilikuwa inaonyesha kitu kilekile alichokuwa nacho jirani, na katika watu wote waliopita hapo ni jirani peke yake aliyesema hivyo.

"Kwa hiyo vile vinyweleo ulikuwa unavionaje?" mke wangu aliuliza. Hakuwa na ubaya, alitaka kujua.

Nilichomeka waya mpya. Nikawasha, nikarudi kwenye kochi na kutazama. Hapa nitasema kweli: sikuona tofauti. Nilikuwa nimeitazama picha safi kichwani mwangu muda wote huo, na yenyewe ilipofika haikuwa na jipya la kunionyesha. Nikakaa hapo nikihesabu saa za kuingia alasiri kama mtuhumiwa.

Alikuja, diski yake imefungwa kwenye pindo la khanga. Nikaweka filamu yangu ya majambazi. Alitazama, kisha akavuta kigoda mbele. Akavuta tena.

"Mtani, leo umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Hii siyo ile ya siku zile. Leo naona. Huyu bwana ana kovu hapa, chini ya sikio."

Filamu ile nilikuwa nimeitazama mara tisa na sikujua kwamba ana kovu. Jikoni mke wangu alikohoa.

"Basi umeshinda," mtani alisema. "Mie mtu wa kusema kweli. Nilikubishia bure."

Nilipata nafuu, na kwa nafuu hiyo nikafanya ujinga mwingine. Nilisema, "Nilikwambia." Kisha, kwa ukarimu wa mshindi, nikamwambia achukue deki na diski zote akae nazo wiki nzima.

"Za nini?" alisema. "Nzuri, sikatai. Ila kwangu naangalia zangu. Hebu weka hiyo ya kwangu."

Katika zile ishirini ilikuwamo filamu ileile. Picha yake ilikuwa kama ya kutazamwa kutoka ndani ya chandarua, lakini mtafsiri alianza kuongea, na baada ya dakika kumi nilikuwa nimekisahau chandarua. Nilijua siku hiyo kwamba yule mwanamke anayeficha begi ni dada wa jambazi. Mimi nilidhani ni mkewe, na nilikuwa nimejenga hoja nzito juu ya ndoa hiyo. Mke wangu alikuja na chai na hakurudi jikoni. Tulisimamisha picha mara mbili ili wao wawili wabishane kama dada alifanya vizuri. Ilipokwisha, mtani alitoa diski yake, akaifunga kwenye pindo, akasema nyumba mbili zaidi zinaisubiri. Diski zangu saba hazikuwa na pa kwenda. Mtaa mzima deki ya kuzichezea ilikuwa moja, yangu.

Wiki iliyofuata alitimiza ahadi. Dukani, kwa muuza mkaa, kwenye kikao cha mtaa, alisema mtani wake ana macho, na kwamba yeye alimbishia miaka miwili kwa ukaidi. Watu walinipongeza. Kila pongezi iliniwasha kama upupu, maana aliyeomba radhi ndiye peke yake aliyekuwa sahihi. Jumamosi nyingine nilichukua ule waya wa rangi tatu, nikazunguka kwa mlangoni kwake.

Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza yote, pamoja na ukurasa wa nne. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto aliyeiba chaki.

"Miaka miwili?"

"Miwili."

"Na shemeji yako na jasho lake?"

"Na jasho lake."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Aliuchukua waya, akautazama, akacheka tena. Nilisubiri amalize.

"Sasa utalisema?" niliuliza. "Siku yangu?"

Alifikiri kwa makini, kama mtu anayepima kitambaa.

"Hilo silisemi. Umelileta mwenyewe, tena waya mkononi. Mtani hasimulii aliloletewa, anasimulia alilolikamata. Umeniharibia kabisa." Akafuta macho kwa khanga. "Hapa inabidi nianze kukuangalia upya."

Sikumbuki lini nilipata kushusha pumzi namna ile. Ile makala ya sababu tatu sikuipeleka kokote. Mtani alikuwa ameiona picha safi, akaitambua kabla yangu, akaisifu, na kuiacha hapo sebuleni kwangu. Katika zile tatu hapakuwa na inayomhusu, na sikuwa na sababu ya nne ya kumweka.

"Kaa," aliniambia. "Kuna wali na samaki. Na kuna picha mpya, ya kumi na nne humu ndani. Kwani wewe unakulaga vipi, mtani? Sijawahi kukutazama vizuri."

Nilikaa. Mtafsiri alianza kuongea. Nilikula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, mpaka sahani ilipokwisha, niliukalia.