Kulungu Wanaipandisha Namba Sita

Klabu ya hoki ya Kulungu, ya mji wa Val-Brochu, haijawahi kushinda kombe lolote la maana, lakini ukiinua macho ndani ya ukumbi wake wa barafu utadhani umeingia jumba la kumbukumbu ya mashujaa. Jezi zimetundikwa kwenye kenchi za paa kama nguo za familia yenye watoto wengi. Kuna ya golikipa aliyedaka misimu miwili, tena vibaya, kisha akafa kwa kugonga mti na pikipiki ya theluji. Kuna ya mshambuliaji ambaye sifa yake kubwa ni kuwa mtoto wa mwenye duka la majeneza. Kuna namba saba, iliyostaafishwa kwa heshima ya mashabiki wote, mwaka ambao hao mashabiki walikuwa wameacha kununua tiketi. Namba ikishapandishwa juu, hakuna mchezaji mwingine anayeruhusiwa kuivaa tena. Na kwa vile Kulungu wamezipandisha ovyo ovyo, vijana wanaosajiliwa siku hizi hupewa sitini na nane au themanini na tatu, namba ambazo zamani ungeziona kwenye mabasi tu.

Rolande Pinsonneault alizitazama jezi hizo kila Jumamosi ya msimu, mdomo ameubetua. Alikuwa na kiti chake nyuma ya goli, blanketi magotini, chupa ya chai ya moto pembeni. Alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, na hakuwa mtu wa kuona haya kusema alichokiona.

"Hawa wakishinda mechi mbili mfululizo," alimwambia mumewe, "watamstaafishia namba hata yule anayeuza soseji mlangoni."

"Acha maneno, Rolande. Tazama mchezo."

"Mchezo uko wapi? Nionyeshe niutazame."

Mumewe, Normand, aliwahi kuwa mmoja wao. Aliichezea Kulungu ujana wake wote akiwa beki, na kazi ya beki wa aina yake ilikuwa moja tu, kujitupa mbele ya kisahani kabla hakijafika golini. Kile kisahani ni kipande bapa cha mpira mgumu kilichoganda kwa baridi, na kikipigwa vizuri kinavunja mfupa. Alivaa namba sita. Kisha akaja Guy-Aimé Vaillancourt kutoka Montréal, na nywele zake ndefu, akasema sita ndiyo namba yake ya bahati.

Mchezo huu una adabu zake. Mgeni akiitaka namba ya mwenzake humwendea akamwomba, na akikubaliwa hutoa zawadi ya maana, saa nzuri au safari ya kwenda Florida na mkewe. Vaillancourt hakuomba. Alimtuma mtunza vifaa akaitoe jezi kwenye ndoano ya Normand, na asubuhi Normand akakuta zawadi yake, kiberiti cha gesi, ndani ya kiatu chake cha kutelezea. Normand hajawahi kuvuta sigara maishani. Alicheka na wenzake, akavaa ishirini na nane, na akaendelea kuivaa hadi magoti yalipogoma. Kisha akaingia kiwanda cha karatasi kama wanaume wengine wa Val-Brochu.

Vaillancourt alikaa pale misimu mitatu, akapanda ligi kubwa, akafunga magoli, na uzeeni akawa anauza dawa ya nywele kwenye televisheni. Normand akabaki kuja uwanjani Jumamosi na kuinua macho kwenye kenchi kila alipodhani mkewe hamwoni. Rolande alimwona. Alimcheka, naye Normand alikanusha, na mambo yakaishia hapo miaka nenda rudi.

Ndipo mwezi wa Januari simu ikalia. Alikuwa Yvon Cadorette, mwenyekiti wa klabu, muuza magari mwenye sauti ya kukubembeleza hata pale asipokuwa na gari la kukuuzia.

"Mzee wangu Normand! Umekaa? Kaa kwanza. Tunaipandisha namba sita!"

Normand akashika ukingo wa meza. "Namba sita?"

"Namba sita, mzee wangu! Jumamosi ya pili ya Februari. Tunakutaka kwenye zulia katikati ya barafu, wewe na familia yako yote. Umeitumikia namba ile, na Val-Brochu haisahau!"

Normand alipokata simu macho yalikuwa yamemjaa machozi. Alimsimulia Rolande neno kwa neno, mara mbili.

"Wamekosa mtu wa kumpandisha sasa wamekufikia wewe," Rolande alisema. "Wanakuvisha kilemba cha ukoka, na wewe unainamisha kichwa wakufunge vizuri."

"Sema utakavyo."

"Si nasema."

Lakini Normand hakuwa wa kusemeka tena. Aliwaambia majirani, akamwambia kinyozi na padri, akaenda mpaka kantini ya kiwanda ambako hana kazi tena akawaambia na wale wa kule. Aliwapigia simu watoto wao kule Gatineau wakaahidi kuja na wajukuu. Alinunua suti. Alianza kutembea wima, yeye ambaye mgongo ulikuwa umeshampinda, na watu walimpa mkono dukani. Rolande aliendelea kuidharau klabu, mwenyekiti wake na zulia lao, ila alijikuta anaipiga pasi ile suruali mpya isiyokuwa na hata kunyanzi moja. Alijiudhi kwa kufurahi, na alifurahi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, alikwenda ofisi ya klabu kuchukua tiketi za wajukuu. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya meza ndefu walikuwa wameitandaza jezi kubwa, ile ya kupandishwa, pana kama shuka la kitanda cha watu wawili. Sita nyeupe iling'aa mgongoni. Juu ya sita palikuwa pameshonwa jina, VAILLANCOURT.

Rolande alilisoma, akalisoma tena. Cadorette akatokea na kikombe cha kahawa.

"Mama Pinsonneault! Umependeza!"

"Hii ni nini?"

Cadorette aliitazama jezi, akamtazama yeye, kahawa ikamwagika kidogo. "Aa. Hii. Sikusema uongo, mama. Nilisema tunaipandisha namba sita."

"Ulijua ameelewa nini."

"Nilijua, ndiyo. Sasa ningemwambia ukweli, angekuja?" Akashusha sauti kama mtu anayekupunguzia bei. "Tunahitaji mtu aliyeivaa kabla yake. Amkabidhi nyota jezi mbele ya umati. Watu wanapenda mambo ya unyenyekevu, mama, yanawatoa machozi."

"Unyenyekevu wa nani? Wako?"

"Mama, usikasirike."

"Ungekuwa mwizi tu ningekuelewa, Yvon. Mwizi huiba akakimbia. Wewe umemwibia mtu kisha umemwalika aje na wajukuu zake watazame. Andika basi na jina lake hapo chini, nafasi ipo."

"Vaillancourt hatakubali. Ameshasema, jina moja."

Rolande alichukua tiketi zake akatoka bila kuaga. Njia nzima alizungumza peke yake kwenye theluji, na maneno aliyoyasema hayaandikiki. Angeweza kunyamaza, akamwacha Normand aende akajionee jina likipanda mbele ya watu wote. Aliona huo ni ukatili wa Cadorette, na hakutaka kumsaidia kazi.

Wakati wa chakula cha jioni alimpakulia supu ya njegere, akasubiri aimalize nusu, akamwambia.

Normand aliweka kijiko chini. "Jina la nani?"

"La Vaillancourt."

"Na watoto wameshaondoka Gatineau?"

"Wanaondoka kesho. Nitawapigia niwaambie umeugua. Nitasema lolote."

Normand alikichukua tena kijiko chake. "Nitakwenda," alisema.

"Kufanya nini?"

"Nikibaki nyumbani mji mzima utajua kwa nini. Nikienda, nitakuwa nimekwenda."

"Kwenda kumshikia yule nguo! Normand, mtu alikutilia kiberiti kiatuni!"

"Nilikuwepo, Rolande. Kiatu kilikuwa changu."

Miaka yote hiyo Rolande alikuwa akimtania mumewe, na kumtania si kumdharau. Jioni ile alimdharau kweli, na kifua kilimuuma kwa kumdharau.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Kulungu walikuwa wameshafungwa mabao manne kabla ya mapumziko, kwa hiyo kila mtu alifurahi mchezo uliposimama na zulia jekundu likatandikwa katikati ya barafu. Cadorette alihutubia kwa sauti ya kububujika juu ya uaminifu, neno ambalo huko nyuma hakuna aliyewahi kulisikia mdomoni mwake. Vaillancourt alitokea ndani ya koti la manyoya, nywele nyeusi ti kichwani mwa mtu wa umri ule, akapungia pande zote na zaidi upande wa kamera. Watu wakapiga mayowe. Rolande alikaa kwenye viti vya familia kando ya lango la barafu, wajukuu wamemzunguka, meno ameyauma.

"Na sasa," mtangazaji alinguruma, "mtu aliyemtunzia nyota wetu namba sita mpaka alipofika! Normand Pinsonneault!"

"Aliyemtunzia," Rolande alisema. "Mbwa hawa."

Normand alikuja juu ya zulia amevaa jezi namba sita, aliyovishwa na vijana wa klabu, juu ya suti yake mpya. Alisimama wima. Mtangazaji akasema sasa ataivua jezi na kumkabidhi nyota, kama ilivyo desturi ya waungwana wa hoki. Hilo la kuvua Rolande hakuambiwa. Wala hakuna aliyemuuliza Normand kama anaweza, wala Normand hakusema, kwa aibu zake. Bega lake la kulia lilivunjwa na kisahani kilichokuwa kinakwenda kwenye goli la Kulungu, likaungwa ovyo na daktari wa Kulungu, na tangu hapo mkono haupandi juu ya sikio. Kila asubuhi ni Rolande anayemvisha shati.

Normand alishika pindo, akavuta. Jezi ikapanda hadi usoni, ikagoma. Akavuta tena. Mkono mmoja ulitoka nusu, mwingine ukabaki ndani, na kichwa chake kikapotelea humo humo. Akawa anazunguka pole pole juu ya zulia, kipofu, tumbo na shati vimetoka nje. Kicheko kilianzia juu kabisa kwenye viti vya bei rahisi, kikashuka safu kwa safu. Vaillancourt naye alicheka, akaigeukia kamera kuhakikisha imemwona anavyocheka, kisha akamshika Normand mkono wa jezi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu kichafu, akauvuta.

Rolande alikuwa ameshainuka. Alifungua lango, akakanyaga barafu na mabuti yake ya theluji, hakulifuata zulia. Cadorette akamkimbilia kwa kujichunga asiteleze.

"Mama, tafadhali, tuko hewani!"

"Kaa huko huko hewani. Nipishe."

Umati ulipiga makofi ukidhani mke amekuja kumsaidia mumewe kuvua. Rolande aliuondoa mkono wa Vaillancourt, akashika jezi kwa mikono miwili na kuivuta chini. Aliirudisha mabegani, akaurudisha mkono wa Normand ndani ya mkono wa jezi, akalishusha pindo mpaka likafunika suti, akalinyoosha vizuri. Uso wa Normand ulitokeza juu, mwekundu, nywele zake chache zimesimama.

"Imenikwama," alisema.

"Haijakukwama. Imekutosha. Twende nyumbani."

Vaillancourt alibaki amenyoosha mkono. "Na jezi yangu, bibie?"

"Yako ile inapanda," Rolande alisema, akimwonyesha juu kwa kidevu. "Ifuate."

Kweli ilikuwa inapanda. Mtu wa kamba hakuambiwa asubiri, na mtangazaji kwa kuogopa kimya alikuwa ameanza kulipigia kelele jina la Vaillancourt. Jezi kubwa ilipaa kuelekea kwenye kenchi, taa zote zikaifuata, na katikati ya ukumbi pakabaki nusu giza. Rolande alimshika mumewe kwapani wakashuka kwenye zulia kuelekea langoni, hatua ndogo ndogo, maana barafu ilikuwa imeshaanza kumwagiwa maji ya kuisawazisha kwa ajili ya kipindi kijacho. Normand aliinamisha kichwa akitazama anapokanyaga.

"Rolande," alisema, "wale wanaoshangilia, wanamshangilia nani?"

Rolande aliinua macho akayazungusha ukumbi mzima. Maelfu ya watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi, nyuso zote zimeelekea juu, hata za wajukuu wake mwenyewe. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anawatazama.

"Wewe," alisema. "Wanakushangilia wewe, mzee wangu. Wapungie."

Normand akainua mkono wake mzima, akawapungia.