Bakuli la Mihrabuni

Juzi mafundi wanaokarabati ule msikiti mkongwe wa mtaani kwetu Maskati walilibandua bakuli la kauri lililopachikwa juu ya mihrabu. Nyuma yake, kwenye chokaa, palikuwa na jina la babu yake baba yangu.

Siku baba alipolitaja bakuli hilo nilikuwa mdogo, na tulikuwa tumeyakimbia mapinduzi ya Unguja miezi michache tu nyuma. Alasiri ile msikiti ulinuka udi na mikeka iliyorowa maji ya udhu. Haukuwa na mnara wala pambo ila pale mihrabuni. Wazee walisema kuta zake nene ziliwaona Waturuki wakija na wakiondoka. Baada ya sala, baba alinishika mkono akawaonyesha waliobaki.

"Bakuli lile kalileta babu yangu," alisema kwa Kiarabu chake cha kubabaisha. "Jina lake liko nyuma. Sadaka zilikuwa hazitangazwi."

Mwangalizi wa msikiti alicheka. "Nyinyi mliotoka Zinjibar, kila mmoja babu yake katujengea Maskati! Haya, tulibandue tutazame?"

Wote wakaangua kicheko. Baba alinyamaza, na hakulitaja tena bakuli lile mpaka anakufa. Mimi nilidhani kanyamaza kwa sababu uongo wake umefichuka. Sikujua kwamba mtu anaweza kukubali kuitwa mwongo kuliko kuibomoa mihrabu ili aaminiwe.

Alasiri ile niliuchomoa mkono wangu mkononi mwake, nikaenda kusimama na wale wengine, nikacheka nao.