Kifuko cha Kooni na Sahani ya Pembeni

Msomaji wangu, leo nimechoka, nisikufiche. Juzi nimetoka Buzuruga kumzika mtu niliyekula naye mchana kwa miaka mingi, na hata sasa sijui kama nina haki ya kumwita rafiki. Shinikizo la damu lilimchukua ghafla, asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika hadi wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao, naye akaambiwa apumzike. Tangu hapo aliuza mbegu za mboga Mkuyuni, jirani na kibanda cha mama lishe wetu. Lakini pamba na soko huria nimeviandika mpaka kalamu imechakaa. Leo naandika juu ya koo lake.

Pale kibandani tulikuwa wanne, tukila sinia moja. Tangu mambo yawe ruksa, minofu ya sangara inapanda ndege, na sisi tunaoamka tukilitazama ziwa tunaletewa mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki kiwandani. Kwa hiyo siku mwenzetu alipokwama, akashika shingo huku machozi yakimtoka, hakuna aliyejisumbua kufikiri. Mwiba huo! Na dawa ya mwiba huku kwetu kila mtu anaijua: tonge kubwa la ugali, kavu, lisilotafunwa. Nililifinyanga mimi mwenyewe. "Meza, mzee, usitafune!" Akameza, akatulia kidogo, akasema, "Umeshuka." Tukacheka, tukaendelea kula.

Loo, hakukushuka kitu. Wiki ile ile akakwama tena, tena kwa maharage, nasi tukampa tonge. Ikawa ndiyo desturi. Miezi ikapita, shingo yake ikaanza kutoa mlio wa maji kila anapomeza, kikohozi hakimwachi, kinywa kinanuka, na mwili ukamwisha mpaka suruali akawa anaifunga kwa kamba. Nanyi mnajua, miaka hii mtu akikonda haulizwi anaumwa nini, majirani wameshajua. Tukanong'ona kwamba ni ule ugonjwa. Siku moja mama lishe akaweka sahani kwenye kigoda cha pembeni, akasema kwa upole, "Baba, wewe nimekutengea yako, ule taratibu." Sisi watatu tukainamia sinia. Mimi ninayejaza safu hii kwa maneno kila wiki sikutoa hata moja. Na niseme ukweli, moyoni nilifurahi.

Mkewe ndiye aliyenifuata nyumbani kuniomba nimsindikize hospitali, nikaenda kwa kuona haya tu. Daktari alikuwa binti wa umri wa wanangu. "Shikamoo mzee," akamwamkia, kisha akauliza jambo ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza: "Chakula huwa kinarudi?"

"Kinarudi. Leo asubuhi nimeinama kunawa uso, yakarudi maharage ya jana mchana, mazima."

"Yalikuwa machungu?"

"Wala. Kama yalivyoingia."

"Basi hayakufika tumboni, mzee wangu."

Akanyweshwa dawa nyeupe, nzito kama uji, akapigwa picha huku akiimeza. Tukaonyeshwa: nyuma ya koo, pale mfereji wa chakula unapoanzia, kulikuwa na kifuko kinaning'inia, kimejaa. Daktari akatueleza kwamba msuli wa pale usipolegea vizuri mtu anapomeza, ukuta wa koo husukumwa nyuma mwaka hadi mwaka mpaka unatuna, na huwapata zaidi watu wa makamo kwenda juu. Kikiwa kidogo na hakisumbui, huachwa. Chake kilikuwa cha kupasuliwa, msuli ukatwe na kifuko kiondolewe, kabla chakula hakijamwingia mapafuni. Wakati akiingojea siku hiyo, ale vyakula laini, kidogokidogo, na alale kichwa kikiwa juu.

"Na mwiba?" nikauliza.

"Hakuna mwiba."

"Matonge makavu je?"

"Yalikuwa yanajaza kifuko tu. Nani alikuwa anampa?"

Nilifungua mdomo. Mwenzangu akaniwahi: "Nilikuwa najimezea mwenyewe, daktari."

Alipasuliwa, akapona. Mwili ukarudi, kamba ya suruali akaitupa. Siku aliyorudi kibandani tulisogea kwenye benchi kumpisha, tumenawa, tunamngoja. Akatusalimu mmoja mmoja, akapokea sahani yake, akaenda kukaa pembeni. Nikamfuata. "Mzee, si umepona? Njoo kwenye sinia." Akasema, "Koo limepona," akakata tonge. Alikula ugali wote na samaki, hakukohoa hata mara moja. Hivyo ndivyo alivyokula hadi wiki aliyofariki, hatua mbili kutoka tulipo, na kila siku akiniuliza hali za wanangu.

Basi msomaji, jirani yako akikwama mara kwa mara, shingo ikilia, chakula kikimrudia kama kilivyoingia, mpeleke kwa daktari, wala usimfinyangie tonge. Na kama amekonda, muulize anaumwa nini, mkono wako ukiwa bado kwenye sinia mnalokula wote. Yule binti aliuliza kwa dakika moja. Sisi kwa mwaka mzima tulikuwa na majibu.

Jana mama lishe aliniuliza ile sahani aipeleke wapi, maana wateja wanaijua na hakuna anayetaka kuilia. Nikamwambia anipakulie mimi.