Jina Alilolisoma Baba

Kanisa letu la mtaa wa Ngezi lilinuka popo. Harufu yao kali ilishuka kutoka darini ikachanganyika na ya udongo uliolowa, kwa maana kila Jumamosi alasiri sisi wasichana tulitumwa kunyunyiza maji sakafuni, ili kesho yake vumbi lisipande watu watakapoimba. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Mabenchi yalikuwa mapya kuliko kuta, kwani yale ya zamani wapiganaji waliyafanya kuni wakati wa vita. Nazungumzia miaka iliyofuata, wakati bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini Bunia lakini hakuna aliyeuamini ukimya wao. Magari meupe ya askari wa kofia za buluu yalipita na kurudi, na Mama alituhimiza tuweke viatu karibu na kitanda kabla ya kulala. Watu waliiita hali hiyo amani kwa kukosa neno jingine.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Ukoo wake ulitoka Butembo, naye aliuza misumari na mabati sokoni. Babu yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye ndevu, kwa sababu wamisionari wa wakati wake hawakumbatiza mtu asiyeweza kujisomea Injili, na Baba aliisimulia habari hiyo jinsi watu wengine wanavyosimulia ushujaa wa mababu vitani. Wakatoliki wana padri, alituambia, sisi tuna Kitabu. Kila jioni tulikaa mbele ya taa, kila mtoto akasoma sehemu yake, kisha akaulizwa ameelewa nini. Hakukubali jibu la kukariri. Alitukataza pombe, dansi, uongo na uvivu, lakini alikuwa ameshajikataza hayo yeye mwenyewe kabla yetu. Wateja wa kila kabila walimwamini, na katika Bunia ya siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Tulimwogopa na tulimpenda, na sikumbuki kama niliwahi kutenganisha mambo hayo mawili.

Aliyesoma vizuri kuliko sisi sote alikuwa dada yangu mkubwa, Kavira. Tulimwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu ndugu waliotutangulia kuzaliwa. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya, na alipoinua sauti hata watoto waliokuwa wakilia migongoni mwa mama zao walinyamaza. Mwaka ninaousimulia, Yaya alishika mimba. Kijana mwenyewe alikuwa Mualur wa upande wa Mahagi, Mkatoliki, aliyenunua samaki wa kukaushwa kule Tchomia, ziwani, na kuwaleta sokoni Bunia. Hakukimbia. Alituma habari kwamba atakuja na baba yake mdogo kujitambulisha kwa wazazi wetu, lakini siku zile watu wenye silaha waliifunga tena barabara ya ziwani, na malori yakakaa bila kutembea. Mama alimsihi Baba angoje barabara ifunguke. Baba alijibu kwamba Meza ya Bwana ilikuwa Jumapili hiyo, na haikuwa desturi ya kanisa kungojea malori.

Ilikuwa desturi, kabla ya mkate na kikombe kupitishwa, mzee wa kanisa asome majina ya waliotiwa mu disiplini, kama tulivyosema. Aliyesomwa hakushiriki Meza, hakuimba kwaya, na alikaa benchi la nyuma hadi wazee watakapoona ametubu. Mara nyingi msomaji alikuwa Baba. Asubuhi ya Jumapili ile, tukiwa tumeshavaa, Mama alimwambia ampe mzee mwingine kazi ile. Baba alikuwa akifunga vifungo vya shati. Alisema bila kumtazama, “Nilisomaka majina ya batoto ya bengine. Ya mutoto yangu nitaificha namna gani?” Mama alichukua Biblia yake akatangulia mlangoni, kwa sababu sheria ni msumeno, na sisi tulikuwa tumezoea kuuona ukikata upande wa wengine tu.

Baba alisoma jina lote la Yaya, na la ukoo wetu, kwa sauti ileile aliyosomea Zaburi. Yaya alitoka katika safu ya kwaya akapita katikati ya kanisa mpaka nyuma. Nilitaka kumfuata, Mama akanishika mkono. Wakati wa wimbo ulipofika wanakwaya walianza bila yeye, wakaanza juu mno, na sauti zikawakatika njiani. Jioni, mbele ya taa, zamu yake ya kusoma ilipofika, Yaya aliweka kiganja juu ya Biblia iliyofungwa. “Baba,” alisema polepole, “ni weye ulitufundisha kila mutu asome ye mwenyewe. Nilisoma. Sikuona fasi Yesu aliweka mutu ku benchi ya nyuma.” Tulingoja kofi. Halikuja. Baba alimtazama kwa muda mrefu, na leo naamini kwamba nusu ya mtazamo ule ilikuwa fahari ya mwalimu. Kisha akampa mdogo wetu zamu ya kusoma.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, mvulana mwenye nywele nyingi. Aliishi majuma machache, homa ikamchukua. Hapo ndipo kanuni ilipouma kweli, kwa kuwa wazee waliwahi kukata shauri kwamba mtoto wa aliye katika disiplini hazikwi na kanisa mpaka mama yake arudishwe. Mama alikwenda kwa mchungaji, naye akasema kwa upole kwamba uamuzi ni wa wazee; wakiomba, atakuja. Akarudi akamwomba Baba awaombe wenzake. Baba alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini, akasema kwamba hawezi kujiombea kile alichomnyima Mama Kahindo. Huyo alikuwa jirani yetu, na mwaka uliotangulia mjukuu wake alizikwa bila sala kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo Baba alichimba kaburi peke yake, chini ya mvua nyembamba, akikataa msaada wa wanaume wa mtaa. Udongo mwekundu ulimpanda hadi kiunoni. Tulisimama pale na kifurushi kile kidogo mikononi mwa Mama, na hakuna aliyejua nani aseme nini. Ndipo Mama Kahindo alipokuja, kitenge kichwani, miguu ikiwa na matope. Hakumsalimu Baba. Alikwenda kusimama karibu na Yaya, akafunga macho, akaomba kwa sauti, akimtaja mtoto kwa jina, kisha akaanzisha wimbo. Yaya akaupokea. Baba alisimama ndani ya shimo, jembe mkononi, kinywa kimefungwa. Aliuheshimu uamuzi wake mpaka mwisho, na sijaona mpaka leo mtu aliyebeba uaminifu mzito namna ile. Barabara ilipofunguliwa, kijana alikuja na baba yake mdogo kama alivyoahidi. Yaya alipanda nao lori la samaki kwenda Tchomia. Maji yakimwagika hayazoleki. Hakurudi kuishi Bunia tena.

Sasa mimi ni mkunga, na najua nilichopewa katika nyumba ile. Nasoma maagizo ya dawa mwenyewe hata daktari akiwa na haraka. Nafika kazini kabla ya wenzangu, na uongo hunikwama kooni. Lakini pia sijui kusamehe bila kwanza kutafuta kanuni inayoniruhusu. Mtaa nao umebadilika. Toka Ngezi hadi mtaa wa Lumumba kila kona ina kanisa na kipaza sauti, maana anayegombana na mchungaji wake hubeba Biblia yake akaenda kufungua lingine barabara ya pili. Huko vijijini watu wanauawa tena, na waliokimbia wanalala chini ya maturubai. Ndani ya makanisa waumini wanaahidiwa magari.

Kanisa letu nalo, likihofia kuwapoteza vijana wanaohama, liliamua kuondoa disiplini. Mchungaji mpya alilitangaza jambo hilo mwaka jana, kati ya tangazo la harusi na la usafi: wote waliowahi kusomwa majina wamesamehewa, na mabenchi ni ya kila mtu. Watu wakapiga makofi. Baba, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na alijiuzulu uzee wa kanisa zamani bila kueleza sababu, hakupiga. Tulipofika barabarani alisimama. “Basi ile yote,” aliniuliza, “ilikuwa ya nini?” Nikamshika mkono tukavuka.

Mchana hakula. Aliniomba nimpigie Yaya simu. Yaya alipokea akiwa kwenye tanuri za samaki. Nilisikia wanawake wakicheka nyuma yake. Nikampa Baba simu. Aliishika kwa mikono yote miwili. Alimsalimu, akauliza afya ya watoto, kisha akaanza sentensi akaiacha. Mwishowe akauliza kama kule ziwani mvua imenyesha. Yaya alisema imenyesha. Baba akasema ni vizuri, akanirudishia simu.